Meza ya Karibu na Spika

"Nyaruai, huyu Mzee wa Soda ni nani?"

Hesbon aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya kibanda chake cha kutengeneza redio, karibu na soko la Kitale, mkononi ameshika simu isiyokuwa yake. Kwenye ubao wa kuchajia zilikuwa zimepangwa simu kumi na nne za wateja, na iliyotoa mlio ilikuwa ya Nyaruai.

"Ni shabiki," Nyaruai alisema. Alikuwa amekalia spika mbovu akibadilisha uzi wa gitaa lake la besi. "Kwani ameandika nini?"

"Ameandika hivi." Hesbon akakohoa, akasoma kwa sauti ya mwalimu wa zamu. "'Fundi, Jumapili iliyopita hukuja na wiki yangu yote ikaharibika. Jumapili hii usinikose. Nitakaa pale pale karibu na wewe.'"

Nyaruai akacheka.

"Unacheka?"

"Sasa nilie? Nilikuwa na homa, bendi ikaenda Bungoma bila mimi. Hesbon, huyo ni mzee wa watu. Ana mvi mpaka kwa masikio. Hukaa meza ya karibu na spika yangu, anakunywa soda moja, anasikiza, anaenda. Hata jina lake silijui."

"Lakini namba yake unayo."

"Yeye ndiye aliomba yangu, ati awe akiuliza kama tutapiga ama hatupigi. Soma hizo zingine uone kama kuna mapenzi hapo."

Hesbon hakusoma hizo zingine. Aliitazama ile namba, akairudia, kisha akatoa simu yake mfukoni na kuziweka zote mbili kando kando juu ya kaunta. Uso wake ukabadilika kabisa.

"Nyaruai."

"Mm?"

"Hii ni namba ya babangu."

Uzi ukamponyoka Nyaruai mkononi.

Hapo msomaji wangu ngoja kidogo, nikueleze uzito wa jambo hili ulivyokuwa. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba, mwaka wa 2006. Zilikuwa zimebaki siku tisa tu Nyaruai apelekwe Kanduyi akaonyeshwe kwa wazazi wa Hesbon. Gauni lilikuwa limeshonwa. Shangazi walikuwa wameshapigiwa simu. Na sasa baba mkwe mtarajiwa alikuwa akimwandikia binti wa watu kwamba wiki yake imeharibika.

Nyaruai alikuwa binti wa Mama Gladwell wa Kibomet, watu waliotoka Nyeri zamani wakaja kulima mahindi na kufuga ng'ombe Trans-Nzoia. Besi alianza kuipiga kanisani kwa sababu vijana wote walilitaka gitaa la solo, na lile gitaa nene la nyuzi nne likabaki limeegemezwa pembeni kama mgeni asiyekaribishwa. Yeye akalichukua. Vidole alikuwa navyo. Alikuwa amekamua ng'ombe kila asubuhi tangu akiwa darasa la tatu. Alipofikisha miaka ishirini na minne alikuwa katika bendi ya Mahindi Mabichi, Festus akiimba na Kimaiyo akipiga ngoma. Walipiga nyimbo za watu: rumba, kantri, zilizopendwa, chochote ambacho mteja angeomba. Jumamosi Kitale, na Jumapili saa tisa mchana Tausi Garden, baa ya wazi pale Kanduyi, kando ya mji wa Bungoma.

Besi ni kazi ya ajabu. Ukiipiga vizuri hakuna anayekuona. Watu wanamtunza mwimbaji, wanampigia makofi wa solo, na wewe uko nyuma umebeba wimbo mzima mgongoni. Nyaruai alikuwa amezoea. Ndiyo maana ile Jumapili ya kwanza, miaka miwili nyuma, mzee mmoja mwenye kofia na koti la kijivu alipoketi kumtazama yeye badala ya Festus, nusura akosee. Mzee alifunga macho, akalaza kiganja mezani, akatulia hivyo mpaka wimbo ukaisha. Kisha akagonga meza kwa kitako cha chupa ya soda mara tatu, polepole. Ko. Ko. Ko. Alipokuwa akiondoka akaja kumsalimia kwa mkono.

"Fundi," akasema, "hiyo mikono umeitoa wapi?"

"Kwa kukamua ng'ombe, mzee."

"Basi Mungu awabariki hao ng'ombe."

Nyaruai aliyabeba maneno hayo mpaka Kitale. Hakuna mtu aliyewahi kumsikiza namna hiyo. Tangu siku hiyo kila Jumapili ilikuwa vile vile: soda moja, macho yamefungwa, chupa mara tatu, salamu ya mkono.

"Sema ukweli," Hesbon alisema, sauti imekauka. "Amewahi kukugusa?"

"Hunisalimia kwa mkono tu. Na wewe sasa niambie ukweli. Watu wa kwenu uliwaambia mimi nafanya kazi gani?"

Hesbon akaanza kupanga simu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Hesbon!"

"Niliwaambia unapiga kanisani."

"Kanisani!"

"Si ni kweli ulianzia kanisani? Baba ni mzee wa kanisa, Nyaruai. Ningemwambia nini, ati naoa mtu wa Tausi Garden?"

"Mtu wa Tausi Garden." Nyaruai aliyarudia maneno hayo pole pole. Yalimwuma. "Wewe ndiye ulikuja kutengeneza amplifaya yetu ikinguruma. Ukaweka mkono kwa spika, ukaniambia nipige uzi wa chini, ukasema hujawahi kusikia kitu kama hicho. Siku hiyo hukuniita mtu wa Tausi Garden."

"Nisamehe."

"Sitaki pole. Jumapili unafunga hiki kibanda, unakuja Bungoma, unajionea na macho yako. Ukiona ubaya, gauni nitampa dada yangu Nyambu."

Jumapili ikafika. Nyaruai alipanda jukwaani, na Hesbon akajificha kwenye mlango wa jikoni, nyuma ya moshi wa nyama choma. Saa tisa na robo mzee akaingia. Kofia, koti la kijivu, viatu vimeng'arishwa. Akaketi mahali pake, akaletewa soda yake bila kuagiza.

Festus akaanza rumba moja ya pole sana, ile ambayo besi inatembea peke yake mwanzoni kabla wengine hawajaingia. Nyaruai akaugusa uzi wa chini. Sauti ikatoka kwenye spika, ikapita chini ya saruji, ikapanda kwenye miguu ya meza. Mzee akafunga macho. Kiganja kikalala mezani.

Nyaruai alikuwa akimtazama Hesbon. Aliona amekunja ngumi na kukaza taya, tayari kwa vita. Halafu ngumi ikafunguka. Maana Hesbon alikuwa akimwona babake jinsi ambavyo hajawahi kumwona. Mzee Jairus Wanjala, aliyefanya kazi ofisi ya wilaya miaka thelathini na moja, aliyekuwa akizima redio nyumbani ili watu wasome Biblia, alikuwa ameketi ndani ya baa machozi yakimtiririka, na hakuwa hata na habari kwamba analia. Msichana aliyekuwa jukwaani, mzee hakumtazama hata mara moja. Alikuwa anasikiliza. Nyaruai alimwona Hesbon akivua kofia yake kichwani, kama mtu aliyeingia mahali patakatifu bila kujua.

Wimbo ukaisha. Ko. Ko. Ko.

Mzee akasimama, akaja jukwaani na mkono umenyooshwa. "Fundi! Umerudi! Pole na homa." Akaushika mkono wa Nyaruai kwa mikono yake miwili.

"Baba," Hesbon akasema nyuma yake.

Mzee aligeuka. Alimtazama mwanawe, akamtazama msichana, akamtazama tena mwanawe. Alikuwa mtu mwepesi wa hesabu.

"Huyu ndiye?" akauliza.

"Ndiye, baba. Nyaruai."

"Yule wa kanisani?"

"Baba, na wewe si kila Jumapili husema uko kwa kamati ya ujenzi wa kanisa?"

Kimaiyo alikuwa ameshika vijiti hewani. Kisha mzee akauangalia mkono wake, uliokuwa bado umeushika wa Nyaruai, akauachia kama kitu cha moto. Akarudi hatua tatu nyuma, akageuza uso pembeni, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Nimemsalimia mkwe wangu kwa mkono," alisema. "Miaka miwili! Mungu wangu."

Akaondoka na kuiacha soda ikiwa nusu.

"Nimemkosea nini?" Nyaruai aliuliza, machozi yako karibu.

"Hujamkosea," Hesbon akasema. "Ni mila yetu. Sisi Wabukusu, mkwe na baba mkwe hawashikani mikono. Hawaketi pamoja, hawali wakitazamana. Wakikutana kwa njia, mmoja anapisha. Na wewe umekuwa ukimpigia muziki akiwa hatua mbili kutoka kwako."

"Lakini hatukujua!"

"Ndiyo. Sasa tunajua."

Jioni hiyo hiyo simu ya Hesbon ikalia. Aliiweka kwa sauti ili Nyaruai asikie.

"Hesbon."

"Naam, baba."

"Jumamosi msije."

"Baba, kwa nini?"

"Nimesema msije. Huyo msichana simtaki awe mkwe wangu."

Simu ikakatwa. Dakika tano baadaye mama yake, Mama Edah, akapiga.

"Hesbon, umemfanya nini babako? Amekataa ugali, amekataa hata chai! Amekaa kwa ile chumba ya nyuma anaangalia ukuta! Ni huyo msichana ana nini? Mgonjwa? Ameachwa na bwana? Niambie mimi mama yako!"

"Hana kitu, mama. Ni mambo marefu."

Siku ya pili Hesbon alifika Kibomet amekunja uso. "Nyaruai, tuachane na wazee. Twende kwa DC tuandikishe ndoa, tumalize."

"Hapana."

"Kwa nini? Hunipendi?"

"Nakupenda mpaka naogopa. Lakini siolewi kwa boma ambalo mwenyewe anafunga mlango akisikia jina langu. Nitazaa watoto, wataniuliza babu yao yuko wapi, nitawaambia nini?"

"Basi acha besi! Ukiacha, atakuona kama msichana yeyote."

Hesbon alijuta kabla hajamaliza kuyasema. Nyaruai aliingia ndani, akafunga mlango.

Usiku huo hakufunga jicho. Asubuhi alikamua ng'ombe, akaosha mikono, akachukua simu. Kama ni kuacha besi, angeacha, maana Hesbon alikuwa na thamani hiyo kwake. Lakini lazima kwanza amsikie mzee kwa kinywa chake mwenyewe.

"Hallo?"

"Mzee, ni mimi. Tafadhali usikate."

"Fundi, mimi na wewe hatufai kuongea."

"Bado sijaletwa nyumbani, mzee. Leo mimi bado ni fundi tu. Na simu haina macho."

Upande wa pili mzee akacheka kidogo bila kupenda. "Haya. Uliza."

"Ni kwa sababu mimi ni Mkikuyu?"

"Hapana! Nimekaa ofisi moja na makabila yote ya Kenya hii."

"Ni kwa sababu napiga kwa baa?"

"Nitasema hivyo na mdomo gani, na mimi niko huko kila Jumapili?"

"Basi nimekosa nini?"

Nyaruai alisikia kuku wakilia huko Kanduyi, na kiti kikisogezwa.

"Marehemu babangu alikuwa anapiga litungu," mzee alisema. "Unaijua?"

"Nimeiona kwa sherehe. Ina nyuzi saba."

"Saba, ndiyo. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuguaugua. Nilikuwa nalazwa chumba cha ndani, na yeye yuko huku nje anapigia watu. Zile nyuzi za juu sikuwa nazisikia, ukuta ulikuwa unazizuia. Ule wa chini peke yake ndio ulikuwa unanifikia. Naegemea, nausikia kwa mgongo, nausikia kwa mbavu, mpaka homa inashuka. Akafa nikiwa na miaka kumi na tano. Nikakaa miaka arobaini na tano bila kusikia kitu kama kile, Fundi. Redio haina. Kwaya haina. Halafu siku moja napita Tausi nikienda kwa kamati..."

"Kamati ya kanisa?"

"Siku hiyo ilikuwa kamati ya kweli," mzee akasema, na Nyaruai akacheka huku analia. "Nikasimama barabarani. Miguu ikakataa kwenda. Nikasema, huyo ni babangu. Nani amemfufua? Nikaingia, nikakuta ni msichana mdogo na gitaa limemzidi ukubwa."

Miaka miwili Nyaruai alikuwa amedhani anapiga rumba za watu kwa wanywaji wa Kanduyi, kumbe kulikuwa na mtu mezani anayerudishiwa babake kila Jumapili.

"Sasa unaelewa," mzee akaendelea. "Ukiwa mkwe wangu, mimi siwezi tena kukaa pale. Nitasikia wapi? Nimewaza, nimeona afadhali Hesbon aoe mwingine. Ni ubinafsi, najua. Nimejichukia tangu Jumapili."

"Mzee, mimi niko tayari kuacha kupiga. Nikiacha, hakutakuwa na..."

"Usirudie!" Sauti ya mzee ilipanda kwa mara ya kwanza. "Usirudie hata kwa mzaha. Hiyo mikono si yako peke yako."

Akakata simu.

Nyaruai alikaa sebuleni, amechanganyikiwa. Mzee hakumtaka aolewe akamkosa, na hakumtaka aache. Hesbon alimtaka vyovyote vile. Alichokuwa nacho cha kujiliwaza kilikuwa kimoja, kwa hiyo akawasha amplifaya yake, akaegemea ukuta, akaanza ile rumba ya pole. Hakuwa amefika mbali.

"Nyaruai!" Mama Gladwell alipaza sauti kutoka jikoni. "Punguza hiyo kitu! Vikombe vyangu vinacheza kwa kabati!"

"Pole, Mami!"

"Ati pole! Redio nimeshindwa kusikia ikiwa hapa mbele yangu, na wewe uko upande ule wa ukuta nakusikia kwa meno!"

Vidole vya Nyaruai vikasimama juu ya nyuzi.

"Mami, umesema nini?"

"Nimesema nakusikia kwa meno!"

Nyaruai alitazama ukuta. Akaweka kiganja juu yake, akaupiga uzi wa chini kwa mkono wa pili, na matofali yakamjibu. Akachukua simu, akaandika kwa haraka:

"Hesbon. Jumamosi tunaenda. Tafuta pikapu ya kubeba spika kubwa. Usiulize."

Jibu likaja upesi: "Wewe ni wazimu. Nakupenda. Naleta pikapu."

Jumamosi saa nne asubuhi pikapu iliingia bomani kwa Wanjala. Mama Edah alitoka na leso kiunoni, mwanamke mnene wa maneno ya haraka. Alimkumbatia Nyaruai, kisha akaona mzigo.

"Na hii ni nini? Mnaleta mkutano wa injili?"

"Mama, keti kwanza," Hesbon akasema. "Kuna kitu nataka kukuambia kuhusu baba na ile kamati ya ujenzi."

Akamweleza yote, hapo hapo kwenye ngazi ya mlango. Tausi, soda moja, macho yamefungwa, chupa mara tatu. Litungu la babu, kama Nyaruai alivyomsimulia. Mama Edah alisikiliza mdomo wazi. Hesbon alipomaliza, mama alijifunika uso na leso, mabega yakaanza kutikisika. Nyaruai akadhani analia.

"Kanisa lajengwa miaka miwili halina hata tofali!" Mama Edah alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Na mimi kila Jumapili nanusa koti yake natafuta marashi ya mwanamke! Napata moshi ya nyama! Nikasema, huyo malaya lazima ni mpishi!" Kisha kicheko kikaisha ghafla, akajifuta macho, na sauti ikawa ndogo. "Si angeniambia? Ningeenda na yeye. Hata mimi nakunywa soda."

"Mama," Nyaruai akasema. "Mila inakataza nini hasa? Anione?"

"Msionane, msigusane, msikae pamoja."

"Na kusikia?"

Mama Edah alimtazama. Akatazama spika. Akatazama nyumba yake ya matofali, na dirisha la chumba cha nyuma lililokuwa limefungwa pazia. Polepole akainuka.

"Ukuta ni ukuta," alisema. "Ukuta ukiwa kati yenu hakuna mtu amevunja kitu. Nikiulizwa na wazee wa ukoo, mimi ndiye nitajibu. Hesbon, leteni hapa. Hapana, si hapo, hapa! Kiti chake iko nyuma ya hapa."

Hesbon aliisukuma spika mpaka ikagusana na matofali, akavuta waya wa stima kutoka jikoni. Alipomkabidhi Nyaruai gitaa, alimshika bega.

"Ile siku nilikuambia uache," alinong'ona. "Nilisema upuzi. Hata asipokubali, usiache kamwe. Na mimi sitakuita mtu wa kanisani tena. Nitaambia kila mtu naoa fundi wa besi."

Nyaruai aliitikia kwa kichwa, akavaa mkanda wa gitaa begani.

Hakuwa amewahi kupiga besi peke yake mbele ya watu. Hakukuwa na Festus wa kuimba wala Kimaiyo wa kushika mwendo. Alikuwa amevaa gauni jipya la kuonyeshwa, miguu peku kwenye nyasi, na akiukosea huu wimbo hapakuwa na mwingine wa kumfunika. Akafumba macho, akaupiga uzi wa chini.

Ukuta ukaupokea. Vioo vya dirisha vikaimba. Kuku wakanyamaza. Nyaruai aliitembeza rumba ile polepole, akaacha nafasi mahali ambapo wengine huingia, na katika zile nafasi palikuwa na utulivu ambao hajawahi kuusikia, kana kwamba nyumba yenyewe imeshika pumzi. Mama Edah alikuwa ameweka kiganja ukutani, uso umepigwa na bumbuwazi.

"Yesu," alisema taratibu. "Ndiyo hii? Ndiyo hii alikuwa anafuata?"

Noti ya mwisho ikaenda, ikaisha.

Walisubiri. Pazia halikutikisika. Hesbon aliuma mdomo. Nyaruai alihisi matumaini yakimwishia, akauegemea ukuta kwa kiganja.

Na hapo akahisi kitu mkononi kabla hajakisikia. Kidole kilichokunjwa, upande wa pili wa matofali, kikigonga polepole.

Ko.

Ko.

Ko.

Alilia hapo hapo, amesimama, bila haya. Hesbon alimkumbatia pamoja na gitaa lake. Na kutoka ndani ikaja sauti ya mzee, imekwaruza, inajaribu kuwa kali:

"Edah! Watoto wamekuja tangu asubuhi na kuku bado anatembea! Wageni watakula nini?"

"Nachinja!" Mama Edah akajibu, anapiga vigelegele huku anakimbia. "Nachinja wawili!"

Walifunga ndoa mwezi wa kumi na mbili, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani, na Mahindi Mabichi wakapiga mpaka jua likazama. Mzee Wanjala alikaa upande wa wanaume, kofia imevutwa, hakumtazama bibi harusi hata mara moja. Tangu hapo mila ilishikwa sawasawa. Wakikutana njiani, mmoja alipisha. Lakini kila Jumapili, kabla ya kwenda Tausi, Nyaruai alipitia nyumbani kwa mzee na spika ndogo, na ndani ya chumba cha nyuma viti vilikuwa viwili, na soda zilikuwa mbili.

Jumapili ya kwanza baada ya harusi, alipokuwa akikunja waya, simu yake ilitoa mlio. Hesbon akaichukua, akasoma, akaanza kucheka, akamwonyesha.

"Mkwe. Mama yako anasema asante. Wiki ijayo sogeza spika kidogo upande wa kushoto. Hapo kwa dirisha ukuta ni mwembamba zaidi."